Ndizi kavu za eya fraya: krispi, za kubonda, vijiti au mzuzu mbivu?

Chana moja la ndizi mzuzu linaweza kutoa vyakula vinne tofauti kwenye eya fraya, na vyote vinne watu huviita tu ndizi za kukaanga. Mezani ndipo tofauti inapojulikana. Krispi zinakatika kwa sauti na hukaa siku kadhaa kwenye kopo. Ndizi za kubonda zina ganda kavu na ndani laini, ila zinataka kuliwa zikiwa moto. Vijiti vinachukua nafasi ya chipsi za viazi. Mzuzu mbivu ni tamu, kingo zake zimekauka na kuwa kahawia, katikati ni laini kabisa.

Wengi wanaolalamika kwamba mashine haikaushi ndizi huwa wamechukua ndizi ya chakula kimoja wakaipika kwa njia ya kingine. Ndizi iliyoiva haitatoa krispi hata ikae humo saa nzima. Mbichi kabisa, ikikatwa nene na kuwekwa moja kwa moja, itatoka ngumu na yenye ungaunga unaokwama kooni. Kwa hiyo kabla ya kuchagua pishi, itazame ndizi uliyonayo.

Mambo ya kupimia

Hapa kila chakula kinapimwa kwa mambo yale yale: ndizi inayotakiwa na uivu wake, kazi ya mikono kabla ya kuwasha, joto na dakika, ukavu unaopatikana na muda unaodumu, kinachoharibika na kwa nini, na mtu anayefaidika nacho. Vipimo vyote ni vya eya fraya ya kikapu ya lita 4 hadi 5, ambayo ndiyo imeenea majumbani. Kama yako ni ya lita 2 au 3, usibadili joto. Punguza tu kiasi unachoweka kwa mkupuo mmoja.

Mafuta hayatofautishi sana vyakula hivi. Vyote vinatumia kati ya kijiko kimoja cha chai na kijiko kimoja cha chakula kwa ndizi mbili au tatu, na alizeti inafaa kote. Usipike bila mafuta kabisa. Utando mwembamba wa mafuta ndio unaopeleka joto sawasawa juu ya ndizi. Bila huo uso unakauka na kupauka, unakuwa mgumu bila kupendeza mdomoni. Pakaa kwa mkono ndani ya bakuli, au tumia chupa ya kupulizia uliyoijaza mwenyewe. Yale makopo ya dukani ya mafuta ya kupuliza huacha gundi kwenye kikapu, na kikapu kikishaanza kunata, kila kitu kitanata.

Ndizi yenyewe

Ndizi mbichi imejaa wanga. Inavyoiva, wanga unageuka kuwa sukari. Wanga ndio unaokauka na kushika umbo. Sukari inashikilia unyevu ndani na inaungua mapema nje. Karibu kila kitu kinachoharibika kwenye mapishi haya kinatokana na hilo.

Kwenye masoko ya Mwanza, iwe Kirumba, Igoma au Buhongwa, uliza mzuzu, na wauzaji wenye asili ya Kagera watakuelewa pia ukisema gonja. Ni ndefu, ina kingo zinazoonekana kwenye ganda, na nyama yake ina maji machache kuliko ndizi za kupika. Usichanganye na ndizi Bukoba, zile za matoke zinazokuja kwa wingi kutoka ng'ambo ya ziwa. Hizo ni aina nyingine kabisa, zimeumbwa kwa ajili ya sufuria. Ukizitumia kwenye eya fraya zitapikika na zitalika, lakini zina maji zaidi, hivyo zinadai dakika kadhaa za nyongeza, na ukavu wake hudumu muda mfupi. Kama hizo ndizo zilizopo, tengeneza vijiti.

Kwa kazi hii uivu una ngazi nne. Kijani kabisa: ganda linashikamana na nyama, ukibonyeza halibonyei. Kijani kinachoanza kugeuka: rangi imepauka, njano inaonekana kwenye kingo. Njano: ganda linatoka kwa urahisi, nyama bado imeshikana. Njano yenye madoa meusi: inabonyea kidogo, harufu ya utamu imeanza. Andika ngazi hizi kichwani, maana kila chakula hapa chini kina ngazi yake.

Ndizi za kijani zikae mahali penye hewa, zimetenganishwa, mbali na maembe au mapapai yanayoiva, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi inayoharakisha mengine. Ukitaka ziive haraka, fanya kinyume: zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja iliyoiva. Friji haifai kwa za kijani. Baridi inaunguza ganda hadi linakuwa jeusi, na ndani haziivi vizuri tena hata ukizitoa.

Kumenya mbichi kuna namna yake. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kwanza, la sivyo utomvu utashika na ukigusa nguo doa halitoki. Kata ncha zote mbili, chana ganda kufuata kingo bila kufika kwenye nyama, kisha ingiza kidole gumba chini ya ganda na ulivue kwa upana, si kwa urefu kama unavyomenya ndizi ya kula. Zikikaidi, zilaze kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano. Ukimaliza, ziingie moja kwa moja kwenye maji yenye chumvi au ndimu. Zikikaa hewani zinakuwa nyeusi.

Mashine na umeme

Eya fraya ni tanuri dogo lenye feni kali. Waya wa joto uko juu, feni inasukuma hewa ya moto ipite kila upande wa chakula. Hewa isipopita, chakula kinajipika kwa mvuke wake. Ndiyo maana ndizi zilizorundikwa hutoka zimelegea ingawa dakika na joto vilikuwa sahihi. Tandaza safu moja, na iwashe dakika tatu kabla ya kuweka chochote.

Halafu kuna umeme wenyewe, jambo ambalo maelezo ya mapishi ya nje hayaligusi. Mashine nyingi ni za wati 1,400 hadi 1,700 kwa volti 230. Nyakati za jioni, umeme unapokuwa mdogo na kushuka hadi volti 200, waya wa joto hautoi nguvu pungufu kidogo tu. Unatoa takriban robo tatu ya nguvu yake, kwa kuwa joto linashuka kwa mraba wa volti. Pishi la dakika 12 linaweza kufika 15 au 16. Kwa hiyo soma rangi ya ndizi kuliko saa, na pishi la kwanza lichungulie dakika mbili kabla ya muda.

Mashine ya wati 1,500 inavuta karibu ampia 6.5. Eksitensheni nyembamba ya kuchajia simu itapata moto, chomeka ukutani. Kwa matumizi, dakika 20 ni nusu uniti kwa juu kabisa, kwani waya huzima na kuwaka wenyewe joto likishafika. Familia iliyo kwenye kundi la matumizi madogo ya nyumbani, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, iweke hilo kwenye hesabu kama inapika kila siku, maana kuvuka kiwango hicho kunabadilisha bei ya uniti zote zinazofuata.

Krispi nyembamba

*Ndizi inayotakiwa.* Kijani kabisa na ngumu. Njano ikishaanza kuonekana, acha. Sukari iliyopo itaunguza kingo kabla katikati hakujakauka.

*Kuandaa.* Kata kwa kile kifaa cha bapa cha kuparia karoti, unene wa milimita moja na nusu hadi mbili. Kisu cha mkononi kinaweza, ila unene ukitofautiana utapata nyingine zimeungua na nyingine zinatafunika kama ngozi katika mkupuo huo huo. Ziloweke dakika 15 hadi 20 kwenye lita moja ya maji baridi yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Wanga wa juu unatoka, na chumvi inaingia ya kutosha. Kisha zikaushe kwa kitambaa, moja moja, pande zote mbili. Hapa usiharakishe, kwani tone la maji linalobaki linageuka mvuke. Changanya na kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa ndizi mbili, ukizitenganisha kwa vidole, kwa sababu zinapenda kugandana kwa mstari kama zilivyotoka kwenye kifaa.

*Joto na dakika.* Nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika 8, tikisa na kutenganisha, kisha 170 kwa dakika 4 hadi 6. Zitoe zinazomaliza kwanza. Za pembeni huwahi. Usingoje zikakamae ndani ya mashine. Zinakauka zaidi zikipoa, hivyo toa moja, iache juu ya sahani dakika mbili, ivunje. Ikipinda bila kukatika, rudisha zote kwa 150 kwa dakika tatu.

*Ukavu.* Ni wa kila mahali, na ndio pekee kati ya vinne unaodumu. Ziache zipoe kabisa, nusu saa nzima, ndipo ufunge kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ukifunga zikiwa na joto, mvuke utarudi na asubuhi zimelainika. Mwambao wa ziwa una unyevu mwingi hewani, zaidi wakati wa mvua. Kopo likiachwa wazi mchana mmoja, kazi yote imepotea.

*Kinachoharibika.* Zikishapungua uzito zinapeperushwa na feni na kugusa waya wa juu, zinaungua na kutoa moshi. Laza juu yake ule wavu wa chuma uliokuja na mashine. Zikiwa kahawia lakini laini, joto lilikuwa kubwa mno. Zikiwa chungu, zimepitiliza: simama kwenye rangi ya dhahabu, kwa ladha na kwa afya pia, kwani vyakula vya wanga vikiungua hutengeneza akrilamaidi, kemikali isiyofaa kuzidi mwilini.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kitu cha kutafuna, cha kumfungia mtoto aende nacho shule, au cha safari ya basi au meli kwenda Bukoba. Kwa mlo wa watu sita haifai: kikapu cha lita 4 kinabeba ndizi moja, moja na nusu kwa mkupuo, na utasimama hapo muda mrefu.

Ndizi za kubonda

Hiki ndicho chakula ambacho eya fraya inakifanya vizuri kuliko vingine. Kinahitaji kupikwa mara mbili, na ndipo watu wengi hukatisha njia.

*Ndizi inayotakiwa.* Kijani, au kijani kinachoanza kugeuka. Ya pili ina utamu kidogo na haipasuki sana ikibondwa, kwa hiyo anayejaribu mara ya kwanza aanze nayo.

*Kuandaa.* Kata vipande vya sentimita mbili na nusu hadi tatu. Vipake nusu kijiko cha chai cha mafuta kwa kila ndizi. Vipike 190 kwa dakika 8. Dalili ya kwamba viko tayari ni rangi: kutoka weupe wenye waridi kwa mbali hadi njano iliyotulia, na kisu kinaingia kwa kusukuma kidogo. Visiwe laini kabisa.

Sasa bonda mara moja, vikiwa moto. Wanga ukipoa unajifunga, na kipande kinachobondwa kikiwa baridi kinapasuka kama udongo mkavu. Simamisha kipande ili upande uliokatwa uangalie juu, weka kati ya vipande viwili vya mfuko safi wa plastiki au karatasi ya kuokea, kandamiza kwa kitako cha kikombe kizito, taratibu, ukizungusha mkono. Unene unaotafutwa ni milimita 6 au 7. Ukizidisha wembamba utapata krispi mbovu. Ukiacha sentimita nzima ya unene, ndani kutakuwa na donge. Kingo zitachanika kidogo, ziache. Zile nyuzi zilizochanika ndizo zinazokauka zaidi na ndizo watu hugombania.

Chukua kikombe kimoja cha maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi na punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa. Chovya kila kipande sekunde moja au mbili, kipande kisiloane hadi ndani. Watu huona ajabu kulowesha kitu kinachotakiwa kukauka, lakini maji hayo yanalainisha wanga wa juu, nao ukikutana na joto unapikika na kuwa ganda. Acha maji yachuruzike, kisha paka mafuta pande zote mbili.

*Joto na dakika.* 200 kwa dakika 8 hadi 10, ukigeuza baada ya dakika 5.

*Ukavu.* Ganda linalia ukiligonga kwa kijiko, ndani ni laini. Linadumu dakika 10 hadi 15. Baada ya hapo ganda linalegea kwa mvuke wa ndani, na likipoa kabisa linakuwa gumu kama mpira. Zisirundikwe kwenye sahani wala kufunikwa. Ziweke juu ya wavu.

*Kinachoharibika.* Zikisambaratika, upishi wa kwanza ulikuwa mfupi au zimepoa kabla ya kubondwa. Zikiwa na ungaunga na kukwama kooni, ndizi ilikuwa mbichi mno na hewa kavu ya mashine ikamaliza unyevu wake mapema. Dawa yake ni kubadili hatua ya kwanza: badala ya mashine, chemsha vipande dakika 10 kwenye maji yenye chumvi, chuja, bonda, endelea. Mwanza iko juu, uso wa ziwa wenyewe una takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96 tu. Ukiwa umezoea vipimo vya Dar es Salaam, ongeza dakika moja au mbili za kuchemsha.

*Inamfaa nani.* Meza ya samaki. Sato mzima wa kukaanga, kachumbari, pilipili ya kusaga, na sahani ya ndizi hizi pembeni; hapo wali haukumbukwi. Kama ni sangara wa mchuzi, mchuzi ukae kwenye bakuli lake na mtu achovye mwenyewe. Kwa mwenye wageni kuna faida nyingine kubwa: ukishabonda, unaweza kuzigandisha kwenye friza zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi. Siku ya shughuli zinatoka na barafu yake, zinapakwa mafuta, 200 kwa dakika 11 hadi 13. Hakuna haja ya kuyeyusha.

Vijiti

Maelezo yake ni mafupi, kwani ukijua chipsi za viazi umekaribia kujua hivi.

*Ndizi inayotakiwa.* Kijani kinachogeuka hadi njano iliyoshikana.

*Kuandaa.* Vijiti vya sentimita moja kwa moja, urefu wa kidole. Loweka dakika 10, kausha, changanya na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa ndizi tatu. Ukiongeza kijiko kimoja cha chakula cha unga wa mchele, ganda linakuwa na nguvu zaidi na vijiti havishikani.

*Joto na dakika.* 190 kwa dakika 14 hadi 16, ukitikisa kila baada ya dakika tano.

*Ukavu.* Nje tu, na si mkali kama wa ndizi za kubonda. Unadumu dakika 10, lakini vikilegea unaweza kuvirudisha kwa 200 kwa dakika tatu na vikaamka vizuri.

*Kinachoharibika.* Kujaza kikapu. Vijiti ndivyo vinavyovumilia kurundikwa kidogo, hivyo watu huzidisha. Nusu ya kina cha kikapu ndiyo mwisho. Tatizo la pili ni vijiti vya unene tofauti. Vyembamba vya mwisho wa ndizi viweke kando uviongeze dakika tano baadaye.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watu wengi na muda mchache. Kwa mkupuo mmoja unalisha watu watatu, kazi ya mikono ni dakika 15 pamoja na kuloweka. Vinafaa sana kwenye zege (chipsi mayai) badala ya viazi: vimwage kwenye kikaango vikiwa vimeshakauka, mayai mawili juu, geuza.

Mzuzu mbivu

*Ndizi inayotakiwa.* Njano yenye madoa meusi, bado inashikika mkononi. Njano safi isiyo na doa itatoka kavu bila utamu wa kutosha. Nyeusi yote itavunjikavunjika ukiikata. Hiyo ichane ganda kwa urefu na uiweke nzima na ganda lake, 180 kwa dakika 20, ule kwa kijiko.

*Kuandaa.* Hapa kazi ni ndogo kuliko kote. Menya, kata kwa mshazari vipande vya sentimita moja na robo, paka mafuta kwa vidole. Usiloweke, maji yanaondoa sukari ya juu, na hiyo ndiyo inayokuwa ganda. Chumvi kidogo sana, na anayependa aongeze iliki ya unga au pilipili manga.

*Joto na dakika.* 180 kwa dakika 10 hadi 12, ukigeuza dakika ya 6. Usipandishe hadi 200 kwa haraka. Sukari itakuwa nyeusi dakika ya tano na ndani bado kuna wanga unaoshika meno.

*Ukavu.* Wa kingo tu, tena wa kunata kwa utamu. Anayetafuta mlio wa kukatika hataupata hapa, na asiulazimishe.

*Kinachoharibika.* Kunata kwenye kikapu. Paka kikapu mafuta kabla ya kuweka, na vikiiva zima mashine, subiri dakika moja sukari ishikane, ndipo unyanyue kwa mwiko wa mbao. Karatasi ya kuokea inazuia kunata lakini pia inazuia hewa ya chini, na upande mmoja utabaki umelowa. Ukiitumia, iwe na matundu.

*Inamfaa nani.* Watoto, wazee wenye meno machache, na sahani yoyote yenye chumvi na ukali: maharage, nyama choma, sangara wa kuchoma mwenye ndimu na pilipili. Mwenye kisukari akumbuke kwamba ndizi hii ina sukari nyingi kuliko zote tatu zilizotangulia, na aile kwa kiasi alichoelekezwa na mtaalamu wake.

Karai lina nafasi yake

Ni haki kulisema hili pia. Ndizi iliyozama kwenye mafuta ya moto inakauka sawasawa kila upande kwa dakika chache, na hakuna mashine ya hewa inayofikia hapo kwa mbili kati ya vyakula hivi, krispi na vijiti. Ndizi za kubonda zinakaribia sana, na nyingi hutoka bora kwa sababu hazinywi mafuta. Mzuzu mbivu, kwa maoni yetu, ni tamu zaidi kwenye eya fraya, maana kwenye karai sukari huungua upesi na mafuta yanazama ndani ya nyama laini. Mwenye biashara ya kibanda anayeuza sahani kwa sahani atabaki na karai, kwa wingi na kwa kasi. Nyumbani, kwa watu wawili hadi watano, mashine inatosha.

Chagua kwa hali yako

Una ndizi za kijani na wageni ni kesho: bonda leo, gandisha, maliza kesho wakiwa wameshakaa.

Una ndizi za kijani na hujui utazila lini: krispi. Tenga saa moja na nusu kwa ndizi nne, uwe na redio karibu.

Zimeshaanza njano na watoto wanatoka shule na njaa: vijiti. Visipotosha, mkupuo wa pili uko tayari dakika 15 baadaye, na mashine ikiwa imeshapata moto punguza dakika mbili.

Zimejaa madoa na hakuna anayezitaka tena: mzuzu mbivu, leo hii, kwani kesho hazitakatika vizuri.

Chana zima limeiva kwa viwango tofauti, jambo la kawaida kwa mkungu uliosafiri kutoka Kagera: usipike pamoja. Anza na za kijani zikiwa krispi au za kubonda, malizia na mbivu, kwa sababu sukari inayodondoka kwenye sinia la chini itafuka moshi kwenye pishi linalofuata.

Jioni umeme ni mdogo: epuka krispi, maana joto likiyumba ndizo zinazoharibika kwanza. Mzuzu mbivu ndiyo inayovumilia zaidi, ongeza tu dakika.

Umeme ukikatika katikati ya pishi, vuta kikapu nje mara moja ili mvuke usilainishe kilichokwisha kukauka. Ndizi za kubonda na vijiti vimalizie kwenye kikaango chenye vijiko viwili vya mafuta juu ya gesi au mkaa, dakika mbili kila upande. Mzuzu mbivu uache kikaangoni moto mdogo bila kuufunika. Krispi zilizokatishwa ndizo ngumu kuokoa: zitandaze kwenye sinia juani kama mchana bado upo, na umeme ukirudi zianzie 150.